Usitie Kidole

Furaha, mdogo wangu, bado unakohoa? Huku Bruseli mvua haina kwao. Mimi nasema, mjukuu wetu Neema anaandika.

Kazi yake ni kupima matope ya chini ya bahari, pale wanapong'oa mitambo ya visima vya petroli vilivyokwisha. Jana alinifungulia kopo moja. Yananuka gereji tupu! Nikamuuliza, "Na samaki?" Akanijibu, "Koko, chuma kinaondoka, uchafu unabaki."

Bon. Wale watu wa petroli wakirudi hapo ziwani na karatasi zao za kusaini, usitie kidole. Waulize, mafuta yakiisha, nani atafua ziwa? Hatukusoma, lakini pua tunazo. Kidole chako nakitaka kwenye bugali, tule ndakala, vidagaa vya ziwa letu, nikirudi.

Nakukumbatia mpaka mifupa ilie,
Dada yako mkubwa, Yaya Nabintu