Kiti Namba Moja

Jumamosi, 5 Oktoba

Orodha imebandikwa mlangoni mwa kituo cha mtihani. Wanawake kwanza, kwa alfabeti. Nani anaongoza? Mimi! Biubwa, kiti namba moja, mstari wa mbele kabisa. Wenzangu wa darasa la QT, mtihani wa sisi watu wazima tusiopitia sekondari, wakanipigia makofi. Kaka Bernadi, mkulima wa kahawa wa Maguu anayekuja darasani na mabuti yenye tope, akasema nimeula. Nikacheka nao. Moyoni nimekwisha.

Miaka miwili hii nakaa kiti cha nyuma, mgongo ukutani. Wanadhani napenda kuegemea. Mtu akisimama nyuma yangu nikiwa na kalamu, kichwa kinabaki cheupe. Hata saba mara nane sijui. Na dukani kwangu, hapa hapa soko la Mbinga, mteja akisimama mbele yangu nampigia hesabu ya mita za kitenge kabla hajafungua pochi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemweleza Mwalimu Hilda wa darasa letu. Ana miaka ishirini na sita, ni mdogo kwangu kabisa, lakini nimemwaga yote. Mjomba Bakili kule Mbamba Bay, aliyenilea mama alipofariki. Alfajiri naanika dagaa wa usipa, jioni nashika daftari. Yeye nyuma yangu na fimbo ya mpera. Saba mara nane? Nikichelewa, mgongoni. Nikiwahi nikakosea, mgongoni. Basi nikajifunza kuisikiliza fimbo, hesabu sikujifunza. Darasa la saba nikafeli. Wakasema huyu mzito, na mimi nikaamini miaka ishirini. Inaniuma mpaka leo.

Mwalimu hakunipa pole nyingi. Kasema, Mama Sumaiya, kila siku mtu asimame nyuma yako, ufanye hesabu tatu. Tuanze na mtu usiyemwogopa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nisiyemwogopa ni Sumaiya, binti yangu, yuko darasa la tatu. Kasimama nyuma yangu anatafuna muwa. Hesabu ya kwanza nimekosa. Ya pili nimekosa. Ya tatu, maji ya muwa yakanidondokea shingoni — nikacheka — nikapata!

Sasa anadai bila muwa hafanyi kazi.

Jumanne, 22 Oktoba

Zamu ya Kaka Bernadi, baada ya darasa. Kajaribu kunyata na yale mabuti. Mtu mzima, ana wajukuu! Nimemwambia aache kuhema kama amebeba gunia la kahawa. Nimepata mbili. Kwenye ya tatu akakohoa, nikaruka, kalamu ikaenda chini ya dawati.

Kaiokota mwenyewe. Akasema, pole dada, mimi baba alikuwa ananipiga na kitabu chenyewe, ndiyo maana nikifungua kurasa mbili tu usingizi unanibeba. Sikujua. Siku zote huwa tunamcheka akisinzia. Tukakaa pale dirishani, mikahawa imechanua, harufu inaingia mpaka ndani. Halafu akapiga chafya kubwa na tukarudia ile hesabu ya tatu. Nikaipata.

Jumapili, 3 Novemba

Ya leo sitaki kuiandika, lakini ngoja.

Sumaiya alikuwa mkekani na hesabu za kugawanya. Nikasimama nyuma yake nione. Kalamu yake ikasimama. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Sijawahi kumpiga mtoto huyu, hata kofi moja! Lakini nilikuwa nimeshasema "haya, ngapi?" mara tatu, kila mara kwa haraka zaidi. Ile si sauti yangu. Naijua ni ya nani.

Nikakaa mkekani ubavuni kwake. Nikamwomba anifundishe yeye. Baada ya muda kasema, mama, ukikaa hapo ninaona vizuri. Nimeenda kulia jikoni, nikasingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumanne, 12 Novemba

Saa saba na nusu. Niko kwenye baraza ya kituo, maandazi mawili tumboni, mgongo kwenye mlango ulio wazi maana kuta zote zimewahiwa.

Kiswahili asubuhi — nimeandika! Msimamizi ni kijana mwembamba, alisimama nyuma yangu mara nne. Kila akisimama, mimi nanyoosha mkono: naomba karatasi ya ziada. Inabidi aje mbele kunipa. Nina hakika anadhani ana bingwa kwenye kiti namba moja. Karatasi nne, nikatumia moja. Lakini hiyo moja niliijaza! Kaka Bernadi hakusinzia hata kidogo, Mwalimu Hilda kamletea kahawa ya shamba lake Bernadi mwenyewe.

Hisabati saa nane. Msimamizi wa mchana ni mwingine, mzee mzito wa mwili, mfuko umejaa funguo. Na kwenye Hisabati karatasi za ziada nitaombea nini?

Funguo hizo. Zinatokea ndani, zinakuja huku mlangoni.

Zimenyamaza nyuma yangu. Karibu kabisa, nasikia anavyohema. Nadhani anasoma hiki ninachoandika. Shikamoo mzee, lakini sigeuki. Mabega yamepanda. Angalia mwandiko unavyopinda. Hajaondoka. Kalamu bado inakwenda. Ngoja. Saba mara nane hamsini na sita.