Kaka Yangu Hajasoma Hata Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa mjini Neiafu alikuja, akaniwekea kifuani kile kidude chake cha baridi. Moyo umechoka, anasema. Wiki chache. Nikamwambia sawa tu — riwaya nimeimaliza Ijumaa, moyo una ruhusa. Hakucheka. Vijana wa siku hizi!

Nakiri hapa, maana kwenye maombi ya familia siwezi: najivuna. Riwaya kumi na moja, zote za watu wa visiwa hivi, na Kristo yumo katika zote bila kuingia kwa tarumbeta. Nani mwingine hapa Vava'u? Hakuna. Basi.

Alhamisi, 7 Machi

Wanawake wangu wa Alhamisi, wale ninaowafundisha kuandika, walikuja, wakaketi mkekani kuzunguka kitanda. Kalolaine, binti wa kaka yangu Feleti, akasoma mwanzo wa riwaya yake ya kwanza. Mlevi wa kijiji ameokoka ukurasa wa sita!

Mapema mno, nikamwambia. Mwache anywe kwanza.

"Shangazi, baba ni mchungaji! Ataniuliza mambo ya pombe nimejifunza wapi."

"Mwambie kwa shangazi yako. Ananiogopa."

Vicheko. Kisha nikawaambia la maana: msihubiri. Mpendeni huyo mlevi vya kutosha, msomaji atajua mwenyewe ni nani mwingine anayempenda. Na andikeni hata vibaya — kesho mtakuwa na kitu cha kusahihisha. Mimi kitabu cha kwanza nilikiandika nikinyonyesha.

Kalolaine ana sikio. Ananishinda mimi nilipokuwa na umri wake. Nimemwambia hivyo. Akalia, mjinga yule.

Ijumaa, 8 Machi

Jambo moja halinipi raha. Feleti. Kila kitabu changu alikiinua kanisani: dada yangu ametoa kingine, nunueni! Na hajasoma hata kimoja. Si chuki. Watu wa riwaya zangu huoana, na kabla ya kuoana hutazamana. Kwetu kaka na dada hawakai pamoja penye maneno ya mapenzi. Ukianza wimbo wa namna hiyo redioni, mmoja huinuka akatoka. Sasa mapenzi niliyoyawaza mimi mwenyewe!

Heshima hiyo nimeishika maisha yangu yote, wala sijuti. Lakini nataka asikie kimoja kabla sijafa. Kimoja tu. Ningeweza kumwamuru, kwetu dada ana neno juu ya kaka. Ila sikio la kuamriwa silitaki.

Nimemtuma Kalolaine akamwombe.

Jumamosi, 9 Machi

Jibu: atakuja kuniombea, si kusikiliza riwaya. Ati, "Dada anataka nifedheheke uzeeni?"

Nikamrudisha Kalolaine: mwambie maombi yake nimeyasikia tangu avae joho. Yeye changu hajasikia hata sentensi.

Jioni karudi anahema. Baba yake ameuliza kama ukuta wa baraza yangu ni wa mbao nene.

Nene, kaka. Nene kabisa!

Jumatatu, 11 Machi

Jana Jumapili, kalamu ilipumzika. Leo Kalolaine kaniletea magimbi na nyama ya kopo kwa tui, nimeonja tu. Akaanza kwa sauti ya chini: ile sura ya mwisho ya riwaya yangu mpya, ukurasa wa Vika na Maka kwenye shamba la vanila. Auruke? Baba hatajua.

"Nitajua mimi."

"Ni busu tu, Shangazi. Kitabu hakitaanguka."

Kitaanguka. Vika anamsamehe mume aliyemtoroka, na msamaha wote umo katika busu lile. Ndiyo mahubiri yangu pekee! Ukiliruka, nikamwambia, umemwambia baba yako kwamba shangazi yako aliandika aibu. Mungu aliumba mume na mke kabla hajaumba wachungaji.

Akaficha uso kwa kucheka.

Lakini Feleti akiinuka akaenda zake? Namjua. Akishaona haya, hatakanyaga hapa tena, na mimi siku sina. Najua hayo yote. Ukurasa hautoki.

Jumanne, 12 Machi

Amekuja! Kalolaine anasema amejifunga mkeka kiunoni, vazi letu la heshima, ule wa siku kubwa. Ameketi barazani, mgongo ukutani. Simwoni.

"Dada, nipo," amesema. Basi.

Kalolaine yuko mlangoni, katikati yetu, anasoma. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Kwenye mzee anayemkimbiza nguruwe kanisani — amecheka! Kaka yangu amecheka kwa sentensi yangu. Kwenye mazishi akapenga kamasi. Nimesifiwa na magazeti mimi, lakini kamasi ile!

Sasa shamba la vanila. Vika anatua kapu. Kalolaine amesita, ananitazama. Nimemwonyesha kwa kidole: soma.

Anasoma, sauti inafifia. Maka ananyoosha mkono hadi shavuni —

Kiti cha barazani kimelia. Nyayo za Feleti. Zinashuka ngazi. Zinakwenda uani, kwenye kokoto. Kalolaine ameacha kusoma, macho yamejaa machozi.

Nyayo zimesimama.

"Kalolaine!" Sauti ya kaka yangu, kutoka mbali kule. "Huku sisikii vizuri. Paza sauti, mwanangu."