Kwa Nini Dastan Anapatikana Nalasi?

Bombambili,
Songea.
14 Novemba 2003

Mpendwa mwanangu Pamela,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea pamoja na barua. Hujambo? Mafua yamekuacha, au upepo wa huko Mwanza bado unakusumbua? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu linalolalamika kila mvua ikikaribia. Mashamba yako tayari, tunangoja mbingu tu. Bei ya mbolea haisemeki.

Najua utashangaa kuona barua wakati umenipa namba yako ya simu. Sikupigii, mwanangu. Marehemu baba yako aliwahi kunisimulia zile simu za mkononi za mwanzo kule Dar es Salaam, nzito kama pasi ya mkaa. Alisema mtu mwenye redio ya kunasia aliweza kukaa sebuleni kwake akasikiliza ugomvi wa nyumba ya wenyewe. Haya ninayokuandikia sitaki asikie mtu.

Rupert ananicheka kwa hilo. Ni yule kijana wa Moshi aliyepanga chumba changu cha uani. Kazi yake ni kupanda minara ya simu na kufunga mitambo. Anasema zile zilikuwa kizazi cha kwanza. Hizi za sasa ni kizazi cha pili, maneno yanasafiri yamefungwa kwa siri, unaandika ujumbe unafika Mwanza kabla hujafunga mlango. Cha tatu, ati, kiko kwa Wazungu, watu wanaonana nyuso wakiongea. Nikamwambia wewe unalipwa kuzisifu. Akacheka, akajiongezea mboga. Mtu anayesifu anachokiuza mimi humsikiliza nikiwa nimeishika pochi yangu.

Ila haki niseme. Mwezi wa nane mke wa kaka yako Sixbert aliposhikwa na uchungu, ni simu ya Rupert iliyoita gari. Bila hiyo tungezika watu wawili.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Umeniandikia kuwa mchumba wako Dastan yuko Nalasi, kijijini huko Tunduru, tangu msimu wa korosho ulipofunguliwa, na kwamba kila Jumapili jioni anakupigia, sauti safi kama yuko chumba cha pili. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua korosho, kila kijana mwenye mzani ni tajiri kwa maneno. Lakini uliandika kwa furaha, nami nilisoma kwa furaha, mpaka Rupert aliporudi kutoka kazini Tunduru. Nikamshukuru kwa mnara wao wa Nalasi, kwamba unamuunganisha mwanangu na mchumba wake. Akaacha kula.

"Mama, Nalasi hatuna mnara. Labda mwakani."

Nilimshuku yeye kwanza, maana vijana wa makampuni hawakosi maneno. Nikamwendea Bakili, mkulima wa huko Nalasi ambaye huja kumtembelea binti yake hapa jirani.

"Simu Nalasi?" akasema. "Kwetu simu tunaangalizia saa tu, mama. Ukitaka kuongea, panda gari mpaka Tunduru mjini."

Huenda Dastan hupanda gari kila Jumapili kwa ajili yako. Sikatai. Lakini wewe umeandika kuwa huongea nawe akiwa ameegemea magunia ghalani, wakulima ndio kwanza wameondoka. Zamani mtu akikupigia kutoka posta ya Tunduru, ulijua yuko posta ya Tunduru. Hizi mpya zinakuletea sauti yake mpaka sikioni, miguu yake hujui iko wapi. Laiti hicho kizazi cha tatu kingefika upesi, ungeona amesimama kwenye ghala gani.

Sijamwona na mwanamke, wala hakuna aliyeniambia neno, na sitaki kumzulia. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Tangazo la kwanza la ndoa yenu litasomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya Desemba, nawe umesema ukisikia limesomwa utaacha kazi ya hospitali urudi. Ukishaiacha, hawatakuwekea. Naogopa, Pamela. Baba yako alinikabidhi wewe mkononi.

Basi nisikilize shangazi yako. Usingoje Jumapili. Mpigie wewe, Jumatano asubuhi, bila kumwarifu, saa anayosema yuko ghalani akipima. Akipokea, usigombane naye. Muulize tu yuko wapi. Akisema Nalasi, niarifu upesi, nitakwenda mwenyewe kwa paroko tangazo lisisomwe. Asipopatikana siku hiyo, wala kesho yake, basi yuko Nalasi kweli na Jumapili hupanda gari, hayo ya magunia ni madoido tu, na nitamwomba radhi mbele ya ukoo mzima, na goti hili hili nitalipiga.

Msalimie sana Suzana unayekaa naye, mwambie dagaa wake wa Nyasa nimeshawaanika. Sixbert na mkewe wanakusalimu, na kichanga chao sasa kinacheka. Rupert naye anasalimu, ingawa hakujui.

Mungu akufunike kwa mkono wake, na Mama Maria akuombee. Na Jumatano hiyo, ukiweka simu sikioni, nakuombea umsikie yule dada wa mashine akikuambia kuwa mteja unayempigia hapatikani.

Akupendaye kama aliyekuzaa,
Shangazi yako,
Natalia