Chapati za maji za marafiki wa Neema

Jumamosi, Mwika

Na mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu Neema asile kwa watu, kwa hiyo siwezi kulalamika. Marafiki zake walikuja kucheza leo, nikawakaangia chapati za maji, kitu cha haraka, na chai ya maziwa. Nikawaita. Wote wakasema, "Asante mama Neema, tumeshiba." Nao wamekatazwa kwao kula kwa watu.

Nikaacha sahani kibarazani, nikaingia jikoni kana kwamba nina vyombo vya kuosha. Punde nikasikia vicheko, wanagombea ya mwisho.

Tangu baba Neema arudi Dar kazini, mezani tunakaa wawili tu. Nilishajimiminia chai nikae nao nje. Lakini ningetokea tu, wangeacha kula. Nikainywa nimesimama nyuma ya mlango, nawasikiliza.