Fomu Niliyokataa Kusaini Jua Likienda

Jumatatu, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane, ile ya kwetu isiyojua kuchelewa, na viatu vyangu viko karibu na jiko vinatoa mvuke. Nimekasirika vizuri. Sijui kama ipo namna nzuri ya kukasirika, lakini leo nahisi nimeipata.

Naandika kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kuwa mtu wa busara, na busara za watu ndizo zilizotufikisha hapa.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mkuu wa michezo na kocha wa voliboli ya wasichana katika chuo kimoja cha Waadventista huku Nyamira, si mbali na soko la Magwagwa. Jina la chuo sitaandika, kwa sababu kesho bado nafundisha hapo, nadhani. Sabato yetu inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama. Katikati hapo hakuna kazi, hakuna soko, hakuna mpira.

Mwaka huu ligi ya vyuo ya ukanda wetu inapanuliwa. Ilikuwa na vyuo vinane, sasa inataka kumi, kwa sababu ukanda wenye vyuo kumi hupeleka timu mbili kwenye fainali za taifa badala ya moja. Tulioomba kuingia ni vyuo vitatu, nafasi ni mbili. Wasichana wangu waliwahi kuwapiga mabingwa wa ligi hiyo seti tatu kwa bila katika mechi ya kirafiki, tena kwenye kiwanja chao. Nikajua nafasi moja ni yetu, nikaanza hata kuota jezi mpya.

Zaidi ya yote nilimfikiria Kerubo, nahodha wangu. Yuko mwaka wa mwisho. Timu kubwa za Nairobi, zile zinazomchukua mchezaji na kumpa kazi ya kudumu, huenda kutazama fainali za taifa. Haziji Magwagwa. Kerubo anapiga mpira kama mtu anayepasua kuni, na asipoonekana mwaka huu atarudi kwao kuchuma majani chai na hakuna atakayejua alikuwa nani.

Halafu ikaja fomu.

Kifungu cha sita kilisema chuo kitacheza siku yoyote itakayopangwa na kamati. Siku yoyote. Ligi hiyo hucheza Jumamosi, kila mtoto wa Kisii anajua. Nikaipeleka kwa naibu mkuu wa chuo, ambaye ni mchungaji, nikidhani ataandika barua ya kueleza imani yetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kanisa halionei haya imani yake.

Akakaa nayo wiki nzima. Ijumaa iliyopita akaniita ofisini saa kumi na moja na nusu jioni. Fomu ilikuwa mezani, nafasi ya mkuu wa chuo tupu, nafasi ya mkuu wa michezo tupu. Akanieleza taratibu kwamba sahihi ya mkuu wa chuo ni sahihi ya kanisa, na kanisa haliwezi kukubali kifungu kama kile. Lakini sahihi ya kocha ni ya kocha. Ligi wameshasema itatosha. Tukiingia, tutajua la kufanya mbele ya safari.

Kisha akatazama dirishani, akanisogezea kalamu. "Saini haraka, Madam, jua linaenda. Hatuwezi kufanya mambo ya ofisi ndani ya Sabato."

Nisome tena nilichoandika, maana hata sasa siamini. Alikuwa na haraka ya kuiuza Sabato kabla Sabato haijaanza, ili asiivunje.

Pilato angalau aliomba maji akanawa mwenyewe mbele za watu. Wangu aliomba kalamu, akanipa mimi. Na siku wazee wa kanisa wakiuliza ni nani aliyewapeleka watoto wao kucheza mpira Sabato, jibu lingekuwa tayari, na jina langu chini yake.

Nikamwambia nitaiombea, nikaikunja na kuiweka kwenye Biblia. Hakuna mchungaji anayeweza kukukataza kuombea jambo.

Sasa niungame. Sikuiombea. Jumamosi nilikaa kanisani, fomu ikiwa ndani ya Biblia, na kila tulipofungua andiko ilikuwa ikitokeza. Nilichokuwa nafikiria si Mungu. Nilikuwa namfikiria msichana mmoja wa miaka ishirini na moja aliyewahi kucheza fainali siku ya Sabato.

Msichana huyo ni mimi.

Nilikuwa chuo kingine, cha serikali. Nilimwambia mama nina malaria, sitafika nyumbani Sabato hiyo. Tukacheza Jumamosi asubuhi, tukashinda, nikavalishwa medali. Nyumbani nikasema fainali ilichezwa katikati ya wiki, nilipopona. Mama ameitundika ukutani kwake Nyakoe miaka yote hii, chini ya kalenda ya kanisa, na huipangusa kila Ijumaa anapoandaa nyumba. Mimi kila nikiingia mle ndani nachagua kiti kinachoipa mgongo.

Kwa hiyo simo katika kundi la watakatifu, na anayetaka kunitupia jiwe ajue nimemwokotea mwenyewe. Ila mimi nilichagua. Hakuna mtu aliyesaini karatasi kwa niaba yangu nikiwa kwenye mazoezi.

Jana Jumapili nikawakalisha wasichana kwenye nyasi nikawasomea kifungu cha sita, neno kwa neno. Hakuna aliyenituma, na najua Mchungaji asingependa. Walibishana. Wawili si Wasabato na walisema wazi kwamba wao Jumamosi wangecheza. Sikuwalaumu. Mmoja akalia. Kerubo alikuwa anachuna ngozi iliyokauka kwenye kiganja, na alipoongea hakuinua macho.

"Madam, ukisaini mimi siwezi kuja. Usiposaini, hatuchezi. Si afadhali tukose sote pamoja?"

Aliyesema hivyo ndiye mwenye mengi ya kupoteza kuliko sisi sote. Nikarudi nyumbani, nikakikata kifungu cha sita kwa mstari, nikaandika juu yake: siku yoyote isipokuwa kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Hapo ndipo nikatia sahihi yangu.

Leo asubuhi nikaipeleka Kisii mjini, kwenye ukumbi wa hoteli ambako kamati ilikutana. Wawakilishi wanane, chai, nduma, na katibu wa ligi mwenye tai nyekundu. Alipoona mstari wangu hakukasirika. Alitabasamu kama mtu mwenye zawadi mfukoni.

"Madam, hii mambo ya Sabato tunaheshimu sana. Tumewapangia Jumamosi saa nane, mkishatoka kanisa."

Wengine wakatikisa vichwa, wakiona ukarimu ulioje. Nikaeleza. Kwamba saa nane Jumamosi bado ni Sabato. Kwamba siku haiishi kwa sababu ibada imeisha. Mmoja akauliza kama basi hatuli siku hiyo, nikamjibu tunakula, tena tunakula vizuri kwa sababu tumepika Ijumaa.

Katibu akasema ratiba haiwezi kupinda kwa sababu ya chuo kimoja. Akaniongezea na methali, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia sisi kuinama tunajua, tunainama kutwa mara tatu, ila tunachagua tunainama mbele ya nani.

Kisha nikafanya jambo ambalo nililipanga tangu alfajiri nikipiga mswaki. Nikaomba ratiba za misimu iliyopita. Zilikuwa pale pale, kwenye faili lake. Nikamwomba anionyeshe mechi moja tu ya Jumapili.

Akapekua. Akapekua tena.

"Hakuna," nikamsaidia. "Na nani aliyeandika barua ya kuomba Jumapili iachwe? Hakuna. Iliachwa tu. Nyinyi mkipumzika siku yenu inaitwa ratiba. Sisi tukipumzika yetu tunaitwa wakaidi."

Sista mmoja, mwakilishi wa chuo cha Wakatoliki, akaweka kikombe chini. Akasema, "Anasema ukweli huyu. Sisi hatujawahi kuandika barua."

Nadhani hapo ndipo Katibu alipoona mambo yanamponyoka. Akatoa simu akampigia Mchungaji, akaweka sauti kubwa, akaiweka katikati ya meza kando ya sahani ya nduma. Akamuuliza moja kwa moja: chuo chako kitacheza Jumamosi au hakitacheza?

Najua ningemsamehe kila kitu. Kama angesema hapana, ningemsamehe Ijumaa yote, kalamu, jua na dirisha. Hata angesema ndiyo, angalau ningejua anasimama wapi.

"Kocha ana mamlaka yote ya kusaini," sauti yake ikasema.

"Lakini Mchungaji, mtacheza ama hamtacheza?"

"Kocha atawaeleza."

Kisha simu ikakatika, au ikakatwa. Watu wanane wakanitazama, na nikaona baadhi yao wananionea huruma. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kura iliyofuata. Nikawaeleza, kama alivyosema. Chuo changu hakitacheza Jumamosi, na huo ndio msimamo wake hata kama mimi pekee ndiye ninayeweza kuutamka.

Wakapiga kura. Mikono mitatu ikatuunga mkono, Sista akiwa wa kwanza. Mitano ikatukataa. Vyuo vile viwili vingine vikaingia. Ligi ina vyuo kumi sasa, na sisi si mmoja wao.

Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la duka la vitambaa kungoja mvua ipungue, nikalia kidogo. Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyekulia Kisii na anayeongea Ekegusii safi kuliko wanafunzi wangu, akanitolea kiti bila kuuliza kitu. Sista akanikuta pale. Akaniambia Jumapili baada ya Misa kiwanja chao kiko wazi, na wasichana wake wangependa kupigwa na sisi.

Njiani nikashuka Nyakoe kwa mama. Nilikuta ameshafunga meza yake ya ndizi kwa sababu ya mvua, yuko nyumbani. Nikakaa kwenye kiti kinachoitazama medali. Nikamwambia yote, ya leo na ya zamani, fainali, malaria ya uongo, Jumamosi. Miaka kumi na saba nimebeba jambo lile. Tuliongea Ekegusii, na jibu lake naliandika hapa kwa Kiswahili ingawa kule lilikuwa tamu zaidi.

"Omwana one, mwanangu, nilijua. Kwani fainali za vyuo zingechezwa lini, Jumanne?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliitundika. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe, na kwamba alifurahi nilishinda, na kwamba hayo mawili alishayapeleka kwa Nyasae, Mungu wetu, kitambo, kila moja na sala yake. Kisha akanipa ndizi za kubeba. Sikujua nicheke au nipige magoti.

Nimefika chuoni mvua ikiwa imebaki manyunyu. Wasichana walikuwa kwenye tope wanafanya mazoezi ya kupokea mpira, ingawa sikuwa nimewaita. Nimewaambia matokeo nikiwa nimesimama, kwa sababu habari kama hizo hupewi ruhusa ya kuzisema umekaa. Kerubo ameinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Nikawaambia kuhusu Jumapili na Sista. Si ligi, hakuna kombe, hakuna mtu wa Nairobi atakayekuja kutazama. Nimeahidi kwamba nitawapigia simu makocha wa timu hizo kubwa mmoja baada ya mwingine mpaka aje mmoja kumtazama Kerubo siku ya kazi, kwenye tope letu. Sijui kama atakuja. Nitapiga tu.

Na sasa, kwenye simu yangu, kuna ujumbe wa Mchungaji. Nifike ofisini kwake kesho saa mbili, nikiwa na maelezo kwa maandishi ya kwa nini chuo kimekosa nafasi katika ligi.

Maelezo nimeshaandika. Ni mistari minne. Nimeeleza nilichoombwa kufanya Ijumaa, saa ngapi, na nani, na kwamba nilikataa. Sikuweka tusi hata moja, ingawa nilikuwa nayo mazuri.

Nakala mbili, moja yake, moja yangu. Chini kabisa nimeacha mstari wenye jina lake na cheo chake, atie sahihi kwamba ameipokea. Kesho ni Jumanne. Jua halina haraka, nitakaa mbele ya meza yake na kungoja.