Visahani Vilivyoungua

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Fundi wa majiko amesema leo asubuhi kwamba oveni yangu haina hitilafu.

"Mama, hii ni nzima kuliko sisi wawili," aliniambia. "Umeoka visahani vya udongo wa plastiki kwa moto wa mkate, na vyenyewe vinataka moto mdogo."

Basi ule moshi uliowafanya majirani wakupigie simu ulikuwa kosa langu, si uzee. Wewe uliunguza wali mara ngapi, na nani alikuhamisha?

Nimetia kipimajoto ndani ya oveni. Visahani vinne vya mapambo vimetoka bila doa. Kimoja nimeshakiwekea hereni zangu.

Yule mpangaji uliyemtafuta aingie nyumbani kwangu, mwambie atafute kwingine. Sihami. Jumamosi saa nne asubuhi naoka vingine sita. Njoo na ule ufunguo wangu uliouchukua.

Mama yako