Tofali la Kozi ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kuvunja. Nyumba yangu mwenyewe! Kinyozi hajinyoi, na fundi naye vivyo hivyo – miaka ishirini na moja ukuta huu haujaguswa hata na brashi ya rangi. Naandika kwenye daftari la vipimo, kwa penseli ya kazi. Sina nyingine.

Mpango: kutoboa mlango kutoka stoo, atakamolala mdogo wangu, hadi bafuni, asilazimike kutoka nje kila akienda chooni. Daktari kasema mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, hakuna la kufanya tena, apelekwe nyumbani. Nyumbani ni kwangu. Hana kwingine. Anakuja Jumapili.

Mama watoto ananichotea maji. Nimemuuliza ataweza kukaa naye? Kajibu kwamba hatakuwa mtu wa kwanza duniani kulala nyumba moja na anayemchukia. Nikarudi kwenye nyundo yangu.

Jumatano, 6 Machi

Lipu imetoka. Enzi zile sikuwa nimejifunza kupunja saruji – nimepiga mpaka mkono umekufa ganzi.

Ndani ya matundu ya tofali nimekuta: kijiko, nusu ya kitana, pakiti ya sigara (nilikuwa navuta kwa siri), gazeti, na karatasi, karatasi, karatasi. Nimecheka peke yangu. Takataka zangu zote hizi! Tofali za matundu zinakula saruji kupita kiasi. Kwa hiyo fundi huziba tundu kwanza kwa karatasi za mifuko au chochote kilicho karibu, saruji isidumbukie, ndipo apange mstari wa juu yake, kozi tunaita. Huangalii unachoshika. Macho yako kwenye kamba, mkono unapapasa tu.

Nikampelekea mama watoto kitana. Kumbe ni wewe! Alikitafuta mwezi mzima, anasema, akamshuku hadi jirani. Mkono wangu ukiwa kazini ni kama mdomo wa mbuzi, haukatai kitu. Tukacheka wote wawili. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 7 Machi

Kozi ya tano, tofali la pili kutoka kona.

Karatasi ya saruji tena. Lakini imekunjwa vizuri mno, imefungwa kwa uzi wa mfuko, fundo mbili. Mimi sifungi takataka fundo mbili.

Nimefungua.

Cheti cha sekondari. Cheti cha kuzaliwa. Barua ya kuitwa chuo cha ualimu. Picha nne ndogo – kijana mwenye shingo ndefu, kavaa shati langu.

Vikavu! Hata wino haukuvuja. Ukuta wangu haupitishi unyevu. Mimi ni fundi mzuri.

Nimevificha kwenye mfuko wa zana. Sikufanya kazi tena. Nimemwambia mama watoto mgongo unauma.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike, labda mzigo utapungua.

Mdogo wangu tulimwita Profesa. Katika ukoo mzima yeye pekee ndiye aliyefika mbali na shule. Alikuwa akae kwangu hadi siku ya kuripoti chuoni, na nyumba ndiyo kwanza naijenga. Kwetu chochote cha thamani kilifungwa kwa karatasi ya saruji. Mama yetu alitulea hivyo, madaftari, sahani, kila kitu. Profesa akafunga vyeti vyake, akaviweka juu ya sanduku langu la zana. Ndipo palipokuwa pakavu kuliko kote. Na juu ya sanduku hilo ndipo nilipokuwa narundika karatasi za kuzibia.

Jioni ile mama watoto alifagia akachoma mabaki ya karatasi nyuma ya nyumba. Kesho yake vyeti havipo. Na siku moja kabla walikuwa wamegombana – alimwambia msomi mzima hata sahani yake haoshi. Basi ikatosha. Kamchomea makusudi! Ndugu wote wakasema. Aliapa, akalia, akarudi kwao miezi minne.

Hakuna aliyemuuliza fundi.

Vyeti havitolewi mara mbili, wakamwambia, na nafasi chuoni haikumngoja. Akaenda kupasua mawe machimboni. Hakuoa. Vumbi lile analokohoa sasa alilivuta huko, kila siku, miaka yote.

Na mimi? Mimi nilimuuliza mke wangu, taa ikiwa imezimwa nisimwone uso: kweli hukuvichoma? Alivuta shuka, akanigeuzia mgongo. Mara moja tu nilimuuliza. Mara moja ilitosha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi nilijenga ukuta nikamzibia ndani ndugu yangu.

Jumapili, 10 Machi

Kaletwa. Nilimbeba peke yangu kutoka kwenye gari. Mwepesi kuliko mfuko wa saruji, na huo nauinua kila siku bila kufikiri.

Mama watoto mlangoni: Karibu shemeji, pole. Akageuza uso.

Chakula kilipofika mdogo wangu akaniuliza nani kapika. Nikasema mimi. Mimi ambaye nachemsha maji yakaungua! Akala vijiko vinne. Akasema kaka, umejifunza kupika uzeeni. Mama watoto alikuwa upande wa pili wa tundu la mlango nililomaliza kutoboa jana, anasikia kila neno.

Nilitaka kumwambia. Nikaenda hadi kitandani. Nikamrekebishia mto.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi mama watoto alitafuta futi kwenye mfuko wa zana. Alitaka kupima dirisha apate kushona pazia la mgonjwa – pazia la mtu asiyekula chakula chake.

Nilipoingia alikuwa amekaa chini, vyeti mapajani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema: Hata wewe uliniuliza. Basi, hayo tu. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, nachafua magoti bure.

Kisha akauliza: Unamwambia wewe, au nimwambie mimi? Nikaokota futi. Akachukua vyeti, akaenda mwenyewe. Nikamfuata kama mtoto aliyevunja chungu.

Profesa alikuwa amelala akitazama ukuta, hakumwona. Nikampita mke wangu hadi kitandani; akageuka, akaniona mimi. Akaanza kusema, neno moja, kikohozi, neno lingine. Kwamba asingekuwa na mimi angefia machimboni. Kwamba watu wote walimwangusha, wote, isipokuwa kaka yake. Akanishika kidole. Kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika tukienda shule.

Mama watoto alikuwa mlangoni, vyeti mkononi, akasikia yote. Halafu akatoka.

Nilimkuta anavifunga. Fundo mbili. Akavitumbukiza kwenye tofali la kozi ya tano, lile lililobaki pembeni mwa mlango mpya, akavisukuma kwa kidole hadi ndani. Hafikishi wiki mbili, alinong'ona. Ukimwambia, atamfia nani mikononi? Mimi nimezoea.

Ziba, akasema. Akaenda kukoroga uji ambao nitasema nimeukoroga mimi.

Sasa nimekaa juu ya ndoo. Saruji nimeshachanganya, iko kwenye ubao, inaanza kukaza kingoni. Nikichelewa itakuwa jiwe, nimwage nianze upya. Mwiko uko mapajani. Nikinyoosha mkono naifikia karatasi bado.

Jikoni mwiko wa mama watoto unagonga sufuria.

Profesa anaita toka ndani: Kaka, mbona kimya?

Nimemjibu namalizia tundu moja tu.